Nchi ya Mbali Inayokaa Kwetu



Katika mkutano mmoja wa kikundi chetu hapa Piana-Mwanga, kijana mmoja aliuliza swali lililotuchekesha kwanza, kisha likatunyamazisha. Je, Ubelgiji ni kubwa kuliko mkoa wetu wa Tanganyika? Karibu wote tulijibu ndiyo. Tulipima kwa moyo, si kwa ramani. Nchi iliyotutawala, iliyoufunga mto Luvua kwa saruji, iliyotuachia sheria na lugha ya shule, itakosaje kuwa kubwa? Tulipotazama vitabu tuliona aibu kidogo. Eneo la Ubelgiji ni kama kilometa za mraba 30,700. Mkoa wetu peke yake unapita 130,000. Hata ziwa letu, lenye kilometa za mraba zipatazo 32,900, lingeifunika nchi ile yote, na pembeni yangebaki maji ya kuvulia ndakala.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiifikiri nchi hiyo ndogo iliyo mbali. Wengi wetu hatutaiona kwa macho. Hata hivyo inakaa kwetu, tena haikai mahali pamoja: imo majini, imo vitabuni, imo katika maneno ya hakimu, imo katika makaburi na hata katika kaburi lililokosa kichwa. Tunadhani kijana wa Tanganyika anapaswa kuijua kwa majina na kwa tarehe, asiichukie kwa jumla wala kuiota kwa jumla. Maana tunaposema "Ulaya", mara nyingi tunalitamka neno hilo kama mtu atamkavyo mbingu, na siku ya pili tunalitamka kama mtu atamkavyo wizi. Namna zote mbili ni za mtu asiyesoma.

Tuanze na sahani. Samaki tumwitaye mukebuka, ambaye hapana mlo wa sikukuu Kalemie bila yeye, anaitwa na wataalamu wa dunia Lates stappersii. Jina hilo la pili ni la Louis Stappers, mganga na mtaalamu wa viumbe kutoka Ubelgiji aliyekuja kuchunguza ziwa Tanganyika na ziwa Mweru kati ya mwaka 1911 na 1913. Samaki aliowakusanya walipelekwa Ulaya, na mwaka 1914 mtaalamu Boulenger akamwandika mukebuka katika daftari la dunia kwa jina la aliyempeleka. Wavuvi waliomvua tangu enzi za mababu, wanaojua anapanda juu wakati gani wa usiku na anafuata ndakala wapi, hawamo katika jina hilo. Hatusemi Stappers alifanya ubaya. Kazi yake ni ya maana, na hata leo anayetaka kulilinda ziwa huanzia katika kazi za watu kama yeye, na za msafara wa Wabelgiji wa miaka ya 1946 na 1947 uliopima vilindi vyake. Tunasema tu kwamba kupewa jina ni mamlaka, na sisi tumekula jina la mtu kwa zaidi ya miaka mia bila kulijua.

Mto wetu nao una habari ya namna hiyo. Luvua hutoka ziwa Mweru na kuishia Ankoro, unapokutana na Lualaba, na katika safari yake huanguka kwa nguvu hapa kwetu. Kampuni ya Géomines, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1910, ilikuwa ikichimba kasiterite ya Manono. Katika miaka ya 1930 ikajenga kituo cha umeme cha Piana-Mwanga ili mashine za mgodi zipate nguvu. Umeme ulizaliwa hapa ukafanya kazi Manono, na bati likasafiri mbali zaidi. Vita vya mwishoni mwa miaka ya 1990 viliinyamazisha mitambo. Siku hizi jina la Manono limerudi midomoni mwa walimwengu kwa sababu ya lithiamu, na kampuni za Australia na China zimegombania haki ya kuichimba. Kwa hiyo watu wanaulizia tena maporomoko yetu.

Tuliwauliza wazee wawili: nani alijenga? Wakajibu bila kufikiri: Wabeleji. Tukauliza: na nani alibeba mawe? Wakacheka, wakasema: baba zetu, nani mwingine? Jibu la kwanza lilikuja kama somo lililokaririwa shuleni. La pili lilingoja kuulizwa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye vitabu, na hapa tunaomba mtuvumilie, maana jambo hili limetugusa kuliko mengine.

Wengi wenu mmeona kile kitabu cha picha kiitwacho Tintin au Congo, au angalau zile sanamu za mbao zilizochongwa kwa mfano wake na kuuzwa kwa wageni. Kilitungwa na Hergé, kijana wa Brussels ambaye jina lake halisi lilikuwa Georges Remi. Kilianza kutoka kidogo kidogo mwaka 1930 katika toleo la watoto la gazeti moja la Kikatoliki, lililoongozwa na padre. Hilo tusilifiche: kilizaliwa nyumbani mwa Kanisa. Hergé hakuwa amekanyaga Kongo. Aliichora Kongo ya makumbusho na ya hadithi alizosikia. Katika kitabu cha kwanza, Tintin anaingia darasani na kuwaambia watoto weusi kwamba atawafundisha juu ya nchi yao, nayo ni Ubelgiji. Mwaka 1946 ukurasa huo ulibadilishwa ukawa somo la hesabu. Mwaka 2007 Mkongo mmoja aliyekuwa akiishi Ubelgiji alikishitaki kitabu hicho mahakamani Brussels, akiomba kiondolewe au kiwekewe onyo. Mwaka 2012 mahakama ikakataa ombi lake, ikiona kwamba haikuthibitika nia ya kuwatukana watu.

Sisi hatutaki kitabu hicho kichomwe. Tunataka vijana wajue kitabu kingine kilichokitangulia.

Mwaka 1910, yaani miaka ishirini kabla ya Tintin kufunga safari yake ya karatasi, jarida la La Revue Congolaise huko huko Brussels lilianza kuchapisha maandishi yenye kichwa La psychologie des Bantu. Mwandishi wake hakuwa Mbelgiji. Alikuwa Stefano Kaoze, mseminari Mtabwa, mtoto wa nchi ya Marungu iliyo juu ya Moba, aliyesomeshwa na Mapadri Weupe katika upande wetu huu wa ziwa. Katika maandishi hayo alieleza kwa Kifaransa namna watu wake wanavyofikiri, wanavyopima jema na baya, wanavyoona aibu na heshima. Wataalamu huyahesabu kuwa maandishi ya kwanza ya Mkongo kuchapishwa kwa Kifaransa. Tafakarini jambo hilo. Sauti ya kwanza ya nchi yetu nzima katika lugha hiyo haikutoka Kinshasa wala Lubumbashi, ilitoka kwetu, na ilikuwa sauti ya kijana mwenye umri wa wengi wanaosoma ukurasa huu.

Basi mji wa Brussels ulikuwa umekwisha kuambiwa sisi ni watu wa namna gani. Uliambiwa na mmoja wetu, kwa lugha yake wenyewe, katika jarida lake wenyewe. Miaka ishirini baadaye ukapenda zaidi kuambiwa na mchoraji asiyetufahamu. Tintin amesomwa na mamilioni ya watoto katika lugha nyingi. Kaoze anasomwa na wenye shahada. Na kosa si la Brussels peke yake. Tuulizane katika vikundi vyetu ni wangapi wanaomfahamu Tintin, na wangapi wanaoweza kusema Kaoze aliandika nini zaidi ya kwamba alikuwa padre wa kwanza wa Kongo. Alipewa upadre tarehe 21 Julai 1917, siku ambayo huko Ubelgiji ni sikukuu ya taifa. Kama tarehe ilichaguliwa kwa kusudi au ilitokea tu, kila mtu na aone mwenyewe. Sisi tunaona tu kwamba hata siku yake kubwa kuliko zote aligawana na nchi ile. Baadaye, mwaka 1947, aliingia katika Baraza la Serikali la koloni, akiwa mmoja wa Wakongo wa kwanza kuketi humo. Alifariki mwaka 1951, miaka tisa kabla ya uhuru.

Kuhusu sheria tutasema kwa kifupi, ingawa sheria ndiyo inayotugusa kila siku. Tarehe 1 Julai 1885, utawala wa Mfalme Leopold II ulitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali. Kwa macho ya mgeni, shamba lililopumzishwa halina mwenyewe, msitu wa kuwinda hauna mwenyewe, ukingo wa mto wanapozikwa watu hauna mwenyewe. Uhuru haukukifuta kifungo hicho, ulikibadilishia mkono. Sheria yetu ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi yote ni ya serikali, na kuhusu ardhi za vijiji ikaahidi amri ya Rais itakayoeleza haki za wenyeji. Miongo ilipita amri hiyo ikingojewa. Kwa hiyo kijiji kinapoambiwa kihame kipishe mgodi au nguzo za umeme, mzee hana karatasi ya kushika, na neno linalomshinda lilianza kuandikwa mwaka 1885 na watu ambao hawakupata kuliona shamba lake.

Lakini nchi hiyo hiyo ilituachia pia amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba na madeni, ambayo mahakimu wetu wanaitumia hadi leo. Ndani yake mna kanuni iliyotoka katika sheria za Ufaransa za mwaka 1804, ambayo kwa maneno yetu tunaweza kuisema hivi: mtu yeyote akimdhuru mwenzake kwa kosa lake, analazimika kulitengeneza alilolibomoa. Fundi aliyevunja mlango anaijua kanuni hiyo. Dereva aliyegonga mbuzi anaijua. Kanuni ni nzuri, nasi tunaomba ipimiwe hata aliyeileta. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels ilifanya hivyo: iliamua kwamba serikali ya Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu ilipowanyang'anya mama zao watoto machotara, ikaamuru kila mmoja wa wanawake watano walioshitaki alipwe. Watoto hao walikuwa wamepelekwa kulelewa katika misheni ya Kikatoliki huko Kasai. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha mwaka 2017, na waziri mkuu wao mwaka 2019. Msamaha ulikuja kwanza, hukumu ikaja baadaye, na wale akina mama walikuwa wamekwisha kuwa bibi vizee.

Sasa tufike Mpala, kwenye ufuo wa ziwa upande wa Moba.

Mwaka 1883 afisa wa Kibelgiji, Émile Storms, aliyetumwa na Chama cha Kimataifa cha Afrika cha Mfalme Leopold, alivuka ziwa kutoka Karema akajenga boma Mpala. Jirani yake katika milima alikuwa Lusinga, mkuu wa Watabwa, mtu wa nguvu na wa kuogopwa. Hatutaki kuwadanganya: Lusinga hakuwa malaika. Alivamia vijiji na kuuza watu, na wako waliolia kwa sababu yake. Tarehe 4 Desemba 1884 askari wa Storms, Waafrika kama yeye, waliingia bomani mwake wakamwua, wakakikata kichwa chake wakampelekea bwana wao. Storms alirudi kwao Ubelgiji na fuvu hilo pamoja na mafuvu ya wakuu wengine wawili. Mwaka 1886 daktari mmoja alilipima fuvu la Lusinga na kutoa maelezo yake mbele ya chama cha wanaanthropolojia cha Brussels, kana kwamba tabia ya mtu inasomeka kwa rula. Baadaye fuvu likaingia makumbusho ya Tervuren, kisha katika miaka ya 1960 likahamishiwa taasisi ya sayansi ya viumbe mjini Brussels, likakaa katika sanduku.

Storms aliwekewa sanamu ya kichwa na kifua katika bustani mojawapo ya Brussels. Ilisimama hapo mpaka mwaka 2022, ilipoondolewa. Miaka mingi, basi, mji mmoja ulikuwa na vichwa viwili: kimoja hewani, watu wakikipita na watoto wao, kingine gizani, na namba juu yake.

Mwaka huo huo wa 2022, tarehe 20 Juni, jino la Patrice Lumumba lilirudishwa kwa watoto wake, nasi tukaliona likizungushwa katika nchi yote. Na tarehe 3 Julai Ubelgiji ikatoa sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Tulipoisikia tulifurahi. Kisha tukaelezwa kwamba sheria hiyo ni ya vitu. Mabaki ya miili ya watu hayamo. Mle Tervuren iko sanamu ya mbao ya ukoo wa Lusinga, iliyotekwa siku ile ile alipouawa. Kwa sheria ile, mti uliochongwa unaweza kuombewa njia ya kurudi. Mfupa hauna njia.

Tunajua majibu tutakayopewa. La kwanza litatoka kwa wazee wetu wapendwa: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tunaiheshimu methali hiyo, lakini hakuna mganga aliyeponya ndwele iliyokatazwa kutajwa. La pili litatoka kwa vijana wenzetu, nalo ni gumu zaidi: mnatuletea habari za mifupa, na sisi tunaishi chini ya maporomoko yanayoweza kuwasha mji, tukisoma kwa taa ya betri. Ni kweli. Hatuna dharau kwa neno hilo. Nasi tunatumia taa ile ile. Lakini tazameni: aliyeweza kuchukua kichwa cha mkuu bila kuulizwa ndiye aliyeweza kuandika kwamba ardhi haina mwenyewe, na kupeleka umeme wa mto mahali pengine, na kumpa samaki jina. Mazoea ni yale yale ya kutouliza wenyeji. Watu wa lithiamu wanapokuja leo, hawatoki Ubelgiji, lakini mazoea hayo wanayakuta yamekwisha kutandikwa kama kitanda. Kijana ajuaye jinsi yalivyoanza atajua aulize nini mkutanoni, na karatasi gani aombe aone kabla ya mzee wake kutia kidole.

La tatu ni jibu la Kanisa letu wenyewe, au la baadhi yetu ndani yake: kwamba tukisema hayo tunawavunjia heshima wamisionari. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walipokea Mpala kutoka mkononi mwa Storms, boma na kila kitu, miezi michache tu baada ya kifo cha Lusinga. Kutoka Mpala hiyo hiyo kulitoka mafundisho, ukombozi wa watumwa, Kiswahili cha kuandika na kuhesabu, na hatimaye Kaoze. Hatuwezi kukata historia hiyo vipande viwili, tukabakiza kile cha kuimbia jubilei na kukitupa kingine ziwani. Wazee wa imani yetu walilala ndani ya kuta zilizojengwa na mtu aliyekusanya mafuvu. Walifanya mema ndani yake. Tuyaseme yote mawili kwa sauti moja.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache kwa vikundi vya parokia. Andikeni barua, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kwa baraza la maaskofu wetu na kwa la Ubelgiji, kuomba mabaki ya Lusinga na wenzake wawili yarudishwe kwa jamaa zao wa Marungu, wao waamue namna ya kuwazika. Jamaa waulizwe kwanza; tusije tukafanya lile lile tunalolilaumu. Tafuteni maandishi ya Kaoze, mtu mwenye Kifaransa kizuri ayafasiri ukurasa kwa ukurasa, yasomwe jioni katika mikutano. Mtakuta mahali ambapo hamtakubaliana naye, na hiyo ndiyo raha ya kumsoma.

Sisi wa Piana-Mwanga tumeanza na dogo zaidi. Tumenunua daftari la kurasa mia. Kila Jumapili baada ya misa wawili wetu wanakwenda kwa mzee mmoja, wanauliza majina ya watu waliofanya kazi kwenye bwawa: jina, kijiji alikotoka, kazi aliyoifanya, kama alirudi kwao au alibaki. Majina mengine yanakuja nusu, mengine ni majina ya utani tu. Juma lililopita bibi mmoja alitaja majina sita ya wanaume wa upande wa baba yake, akanyamaza, akaomba tumsomee tulichoandika. Tulipomaliza akatusahihisha la nne.